Kokoko ni bundi gani?

Kokoko ni bundi wakubwa wenye vishungi viwili vya manyoya kichwani, vilivyosimama mfano wa masikio. Masikio yenyewe hayaonekani, yamefichwa na manyoya ubavuni mwa kichwa. Wako wa aina kadhaa, na anayewapita wote kwa ukubwa barani Afrika ni kokoko wa Verreaux, anayeishi kwenye mbuga zenye migunga na miti mirefu ya kandokando ya mito, Serengeti na Samburu zikiwemo. Jike humzidi dume kwa ukubwa na anaweza kufikia kilo 3.

Mchana kokoko huyu hukaa kimya juu ya mti, kijivu kama gome, uso umezungukwa na mistari miwili myeusi. Unaweza kupita chini yake usijue kama yupo. Subiri asinzie. Akifumba macho, kope zake ni za rangi ya waridi, laini kabisa, na sijui bundi mwingine mwenye alama nzuri namna hiyo.

Usiku huwinda sungura, komba, kanga, hata tumbili wachanga. Lakini windo linaloonyesha ustadi wake ni kalunguyeye. Wanyama wengi humkwepa kwa sababu ya miiba; kokoko humkamata kwa kucha zake ndefu, akambandua ngozi pamoja na miiba yake, kisha akala nyama. Ndiyo maana chini ya mti anaolala huokotwa ngozi za kalunguyeye, zimebaki tupu.

Hajengi kiota. Huchukua kile kilichoachwa na tai au tumbusi, au hutaga juu ya lile rundo kubwa la vijiti la ndege aitwaye fundichuma. Mayai huwa mawili, na kwa kawaida kinda mmoja tu ndiye anayekua. Hutoka kiotani akiwa na miezi miwili hivi, lakini haendi mbali: wazazi huendelea kumlisha kwa miezi mingi.

Kwetu bundi akilia karibu na nyumba watu husema ni uchuro, na bundi wengi wameuawa kwa mawe kwa sababu hiyo, jambo linaloniuma sana. Kokoko mzima hutoa mkoromo mzito, “hok, hok.” Ule mluzi mwembamba unaorudiwarudiwa gizani ni wa kinda: ana njaa, anamwita mama yake.