Mahandaki ya Bigo bya Mugenyi, Boma la Kale la Uganda

Mgeni anayefika ukingo wa kusini wa mto Katonga, wilayani Sembabule nchini Uganda, akitarajia kuta za mawe kama zile za Kilwa au Gedi, anaweza kulipita boma la Bigo bya Mugenyi bila kulitambua. Waliolijenga walichimba ardhi: mahandaki yake yakijumlishwa yanazidi kilomita 10, baadhi yana kina cha takriban mita 4, na kuna sehemu ambako yamekatwa katika mwamba wenyewe.

Boma lilipojengwa, maandishi hayakuwa yamefika maeneo haya ya bara, mbali na pwani, kwa hiyo tunayoyajua yanatoka ardhini na katika masimulizi ya wazee. Mapokeo ya Bunyoro na Nkore, falme za kale za magharibi mwa Uganda, yanalihusisha boma hili na Bachwezi, watawala wanaosimuliwa kuwa na uwezo uliopita wa binadamu, na jina la mmoja wao, Mugenyi, msomaji wa Kiswahili atalielewa mara moja, kwani maana yake ni mgeni. Uchimbaji wa kiakiolojia wa Peter Shinnie mwaka 1957 na wa Merrick Posnansky mwaka 1960 ulitoa vigae vya vyungu na mifupa mingi ya ng'ombe, na umri wa boma umekadiriwa kuwa kati ya karne ya 14 na ya 16.

Je, lilikuwa ngome ya vita? Mahandaki ya ndani, yanayozunguka kilima, yanaweza kueleweka hivyo. Lile la nje, hata hivyo, lina mapengo mengi ya kuingilia na linakumbatia eneo pana la malisho hadi kwenye maji ya Katonga, jambo linalonifanya niamini kuwa ng'ombe, ambao ndio waliokuwa mali, walikuwa kiini cha kazi hii. Vyovyote iwavyo, kazi kubwa kiasi hiki haifanyiki pasipo mamlaka ya kukusanya watu wengi, kuwalisha na kuwaelekeza.

Sheria ya Uganda ya mwaka 1967 kuhusu kumbukumbu za kihistoria ililenga kulinda maeneo ya aina hii, na tangu mwaka 1997 Bigo imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia. Tabaka za udongo zilizojaa taratibu chini ya mahandaki ndizo zinazohifadhi mkaa na vigae tunavyovitumia kukadiria umri, na jembe likipita hapo mara moja tu mpangilio huo huvurugika kabisa. Kwa hiyo tunawaomba wakulima, wafugaji na wageni wasichimbe wala kufukia mahandaki, na anayeona kigae akiache palepale, kisha awaarifu wasimamizi wa eneo.