Mchanga wa Kunduchi unakwenda wapi

Ninapowapeleka wanafunzi wa jiografia ya pwani Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, hatuanzii ufukweni. Tunaanzia magofuni. Pale, chini ya mibuyu, kuna msikiti wa takriban miaka 500, na kando yake makaburi ya nguzo ya karne ya 18 na 19 ambayo wenyeji waliyapamba kwa bakuli za kaure kutoka China. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860. Anayeiita Kunduchi kitongoji kilichozaliwa na jiji hajafika kwenye makaburi hayo.

Wazee wa Kishomvi na majirani zao Wazaramo walikuwa na sababu ya kukaa hapo. Kuna hori lenye mikoko ambamo chombo huingia maji yakijaa na kujificha upepo, na mbele, baharini, visiwa vya Mbudya na Pangavini hupunguza nguvu ya mawimbi. Visiwa hivyo viko kwenye hifadhi tangu 1975. Ardhi yenyewe ni mwamba wa matumbawe ya zamani, yaliyoota wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Msikiti ulijengwa kwa mawe hayohayo na chokaa iliyochomwa kutokana nayo.

Jiji nalo likaja kuchukua mwamba huohuo. Kiwanda cha saruji cha Wazo, jirani tu, kinazalisha tangu 1966 kwa mawe ya chokaa ya kilima kile. Mtongani, mtaa wa Kunduchi, watu wamepasua kokoto kwa miaka mingi, wanawake wengi wakiwamo, nyundo mkononi, juani. Kisha ukaja mchanga, na hapa ndipo ninapoomba msomaji anifuatilie kwa makini.

Ufukwe huu unalishwa na mito midogo, Tegeta ukiwa mmojawapo. Mvua kubwa hushusha mchanga hadi baharini, halafu mawimbi huusogeza kandokando ya pwani. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, huenda kaskazini; wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, sehemu yake hurudi. Kusi ina nguvu zaidi, hivyo kwa mwaka mzima hesabu huishia kaskazini. Mchanga unaoondoka lazima ufidiwe na mwingine kutoka mtoni. Malori yakiuchota mtoni kwa ajili ya nyumba za jiji, fidia haifiki, na bahari inaendelea kuchukua sehemu yake kama kawaida. Bamvua, maji yanapopanda zaidi ya mita 3, ndipo kingo humeguka na minazi kuanguka. Uchimbaji huo umekatazwa, lakini nyumba zinazidi kujengwa na mchanga unazidi kutafutwa.

Wenye mahoteli na nyumba za ufukweni walijibu kwa kuta na matuta ya mawe yanayoingia baharini. Naelewa hofu yao. Lakini tuta hukamata mchanga upande wa kusini na kuunyima upande wa kaskazini, kwa hiyo jirani naye hulazimika kujenga lake. Kwa maoni yangu fedha hizo zingefaa zaidi kulinda mito.

Maana anayeumia kwanza ni mvuvi. Ufukwe ndiyo ofisi ya kijiji. Hapo ngalawa hupandishwa, nyavu hushonwa, mnada hufanyika asubuhi vyombo vikirudi, na wakaanga samaki hununua ndoo zao kabla ya wachuuzi wa mjini. Usiku wa giza hutoka mashua za dagaa na taa zao. Mbalamwezi ikiwaka wengi hupumzika. Dagaa wakija kwa wingi huhitaji nafasi ya kuanikwa, na nafasi hiyo hupungua kila ufukwe unapoliwa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kikao chochote kuhusu ufukwe wa Kunduchi kiwaite na wanaokaa kando ya mto Tegeta, wenye malori, na mafundi wanaoagiza mchanga huo. Wavuvi peke yao hawawezi kuyajadili maji ya juu wakiwa wamekaa chini kabisa.