Mwanya wa mlango hauanzii mlangoni

Kwenye gari la mfano la kipimo cha 1:24, yaani dogo mara 24 kuliko gari halisi, mwanya kati ya mlango na fenda ni mstari tu. Unaupitishia rangi nyeusi iliyozimuliwa, unafuta juu, na jicho linaridhika. Ukipanda hadi 1:8 mchezo unabadilika. Mstari ule sasa ni mwanya wa kweli, una kina na kivuli, na mlango wenyewe unafunguka kwa bawaba. Gari halisi lenye mwanya wa milimita 4 linakudai nusu milimita kwenye modeli. Ukiacha milimita 1, umetengeneza gari ambalo lingekuwa na mwanya wa milimita 8 barabarani, yaani gari lililogongwa likarudishwa ovyo.

Hapa Dodoma wanaoniagiza modeli kubwa ni watu wa magari: madereva, wenye mabasi, mafundi. Mtu aliyeendesha Land Cruiser mkonga kwenye barabara za Kondoa na Mpwapwa hahitaji kalipa, kile chombo cha kupimia unene. Anainama, anaangalia mstari wa mlango kwa ubavu, na anajua. Ndiyo maana natilia uzito mkubwa suala la vipande kukaa, kuliko hata rangi, na nataka nieleze ninavyolishughulikia.

Swali ninaloulizwa zaidi na wanaoanza ni hili: mlango haukai, nikwangue upande gani? Jibu langu ni kwamba usikwangue upande wowote kwanza. Mtazame fundi bodi anayejua kazi, akiletewa gari lililogongwa ambalo mlango wake haufungi. Hashiki mlango. Anapima chasi kwa mshazari, kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana, chasi imepinda, na ukiuponda mlango ufuate chasi iliyopinda utakuwa umeharibu vitu viwili. Modeli kubwa inafuata kanuni ileile. Mwanya mpana juu na mwembamba chini mara nyingi ni habari kuhusu kitu kilicho mbali na mlango.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye kioo. Tafuta kipande cha kioo kinene cha dirisha, kirefu kuliko gari lako, kiweke juu ya meza iliyotulia. Hicho ndicho sakafu yako ya kupimia, kwa sababu meza za mbao zetu zina mabonde hata kama hayaonekani. Weka chasi juu yake ikiwa tupu, gusa kona moja moja kwa kidole. Ikicheza, imejipinda. Kisha pima mishazari, halafu umbali wa ekseli hadi ekseli kila upande. Land Cruiser Series 76 ya milango minne ina milimita 2,730 kati ya ekseli. Kwenye 1:8 hiyo ni 341. Kama kushoto unapata 341 na kulia 339, usijidanganye kwamba milimita mbili ni kidogo: ni milimita 16 za gari halisi, na zitakufuata hadi kwenye bampa. Funga magurudumu, telezesha kipande cha karatasi chini ya kila tairi. Karatasi inayotoka bila kukwama inakuonyesha gurudumu linaloelea.

Chasi ya plastiki iliyopinda inarekebishika. Vipande vya seti nyingi, yaani modeli za kiwandani zinazouzwa vipandevipande ili uziunganishe, ni polistaireni, plastiki ambayo hulainika ikikaribia nyuzi 100, kwa hiyo maji ya moto ambayo hayajafika kuchemka yanatosha kuifanya itii. Izamishe, itoe, ikaze kwenye kioo au kwenye ubao ulionyooka, uiache ipoe yenyewe ikiwa imekazwa hivyo. Ukiiachia mapema inarudi ilikotoka. Usitumie moto wa jiko wala kipulizio cha joto kali. Kona nyembamba huanguka kabla sehemu nene haijahisi kitu.

Chasi ikishatulia, unganisha gari zima bila gundi. Nasisitiza zima: bodi, milango, boneti, viti, dashibodi, hata mazulia. Tepu ya karatasi na skrubu za muda zinatosha. Wengi hukiruka kipengele cha ndani kwa sababu hakionekani, na hapo ndipo penye majibu mengi. Dashibodi iliyozidi nusu milimita kwa upana inasukuma nguzo za mbele nje, nguzo zinasukuma bawaba, na mlango unatokeza. Ubao wa ndani wa mlango ukigusa kiti, mlango hautakaa hata ukiukwangua hadi kesho. Vuta kipande kimoja kimoja kitoke kwenye mkusanyiko na uangalie mwanya unavyobadilika. Kile ambacho kikitoka mlango unatulia, ndicho mkorofi.

Kuhusu mpangilio wa kurekebisha, mafundi bodi wana desturi ambayo modeli inapaswa kuifuata bila kubadili. Wanaanzia kwenye kipande kisichosogea. Kwenye gari la milango minne, ubavu wa nyuma umeshikana na bodi, hausogei, kwa hiyo mlango wa nyuma unapangwa kuufuata ubavu huo. Mlango wa mbele unaufuata wa nyuma. Fenda inaufuata mlango wa mbele. Boneti inazifuata fenda mbili, na bampa na grili vinakuja mwisho. Anayeanzia mbele, kwa kuwa uso wa gari ndio unaovutia, hufika nyuma akiwa na makosa yote yamerundikana kwenye mlango mmoja usio na pa kwenda.

Hapo ndipo unaposhika msasa, na bado si kwa kila kitu. Kuna vitu viwili tofauti: mwanya mwembamba na mwanya mpana.

Mwembamba ni rahisi, unaondoa. Kata kipande cha plastiki bapa cha unene wa nusu milimita, kifanye kipimo chako, kipitishe kwenye mzunguko wote wa mlango. Kinapokwama, weka alama ya penseli, piga msasa pale tu. Lakini hesabu rangi kabla hujaridhika. Praima ya chini, rangi na klia ya juu isiyo na rangi kwa pamoja vinaweza kuongeza karibu sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye ukingo, na kingo ziko mbili, wa mlango na wa fremu. Nusu milimita yako inabaki sehemu tatu za kumi. Mlango uliokuwa unafunga kwa raha unaanza kukwaruza, na unakwaruza rangi mpya. Kwa hiyo kabla ya rangi mwanya uwe mpana kuliko unavyoutaka mwishoni, karibu sehemu saba za kumi. Utaonekana mbaya kwenye plastiki tupu. Uvumilie.

Mwanya mpana ndio unaoharibiwa na wengi, kwa sababu mkono unakimbilia puti. Puti kwenye ukingo wa mlango unaofunguka haidumu. Ukingo unagongwa kila siku, na puti inamenyeka ikibeba rangi yake. Ongeza plastiki kwa plastiki: kata utepe mwembamba, ubandike kwenye ukingo kwa gundi inayoyeyusha plastiki, uache ukauke vizuri, kisha uupige msasa hadi ufikie kipimo. Hapo ukingo ni kitu kimoja. Neno kuacha ukauke ni zito kuliko linavyosikika. Gundi ya kuyeyusha hulainisha plastiki na kiungo huendelea kunywea kwa siku kadhaa. Ukikisawazisha leo jioni na kupaka rangi kesho, baada ya wiki utaona mstari uliozama palepale, umepita chini ya rangi yako safi.

Kwa wanaojenga wenyewe bila seti, kama tunavyofanya kwa mabasi na malori ya kwetu ambayo hakuna kiwanda kinachoyatoa, plastiki tunayoipata kirahisi ni bodi za PVC za watengeneza mabango. Ni nyepesi na inakatika kwa kisu, ila ukingo wake uliokatwa una vitundu kama mkate. Ukiupaka rangi hivyo, rangi inazama na mwanya unaonekana wenye meno. Pitisha supagluu nyembamba kwenye ukingo, inywee, kisha msasa namba 400, halafu 600. Piga msasa mapema baada ya kukauka. Supagluu iliyokaa siku nyingi inakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, na msasa utachimba pembeni yake na kuiacha imesimama kama kovu.

Sasa hali ya hewa, maana Dodoma ina yake. Tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na zinazobaki ni miezi ya ukavu, upepo na vumbi. Usiku wa Julai joto linaweza kushuka hadi nyuzi 14 hivi, na mchana wa Novemba likapita 30. Polistaireni hutanuka. Kipande cha sentimita 50, ambacho ni karibu urefu wa bodi ya 1:8, kikipanda nyuzi 15 kinaongezeka karibu nusu milimita. Huo ni mwanya mzima wa mlango! Chuma hutanuka takriban sehemu moja ya sita ya hapo. Ukiwa na chasi ya chuma na bodi ya plastiki, ukazikaza pamoja kwa skrubu mbele na nyuma, saa nane mchana bodi haina pa kwenda ila kuvimba katikati, na katikati ndiko milango iliko. Mtu anasema mlango unakaa asubuhi na kugoma mchana, anaona ni mazingaombwe. Dawa yake ni ndogo. Kaza bodi sehemu moja, mimi napendelea ukuta wa injini, na matundu mengine yafanye marefu kidogo kuelekea nyuma ili skrubu iteleze. Pia pima mianya yako saa zilezile kila siku, modeli ikiwa imekaa kivulini.

Ukavu huohuo unaingilia rangi. Wakati wa kiangazi thina ya kawaida inakimbia kabla tone halijatua, na rangi inafika ikiwa nusu vumbi. Uso unakuwa mkavu na wa kukwaruza. Tumia thina inayokauka polepole, sogeza bomba la kupulizia karibu, na pulizia alfajiri kabla upepo haujaamka. Mwagia sakafu maji kwanza. Plastiki usiifute kwa kitambaa kikavu, kwa sababu msuguano unaipa umeme tuli na inavuta vumbi kutoka chumba kizima. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni ya vyombo. Wakati wa masika tatizo linageuka: unyevu unaingia kwenye klia inayokauka haraka na kuifanya iwe na ukungu mweupe. Siku ya mvua mimi sipulizii klia.

Rangi za magari zinapatikana mjini na zinang'aa kuliko nyingine zote, ila thina yake inaila polistaireni. Praima iende kwanza kwa ukungu mwepesi, tabaka juu ya tabaka, hadi plastiki ifunikwe kabisa. Juu ya praima fukizia rangi nyeusi kidogo sana, kisha pita na msasa ulioviringwa kwenye kibao kilichonyooka. Nyeusi inayobaki inaonyesha mabonyeo, na kwenye seti za plastiki yapo mengi mahali ambapo upande wa ndani kuna mbavu nene, kwa kuwa plastiki nene hunywea zaidi ikipoa kiwandani. Hapo sasa puti ina kazi yake halali: katikati ya paneli, mbali na ukingo. Usikubali uso wenye vipele kama ganda la chungwa kwa kisingizio kwamba hata magari halisi yanayo. Kipele kilekile kwenye 1:8 ni kikubwa mara nane. Klia ikishakomaa, msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, kisha polishi. Kwenye kingo pita kwa mkono mwepesi, ndiko klia inakoisha kwanza.

Wanaojenga seti kubwa za zamani, kama zile za Pocher ya Italia zenye Alfa Romeo 8C 2300 au Rolls-Royce Phantom II iliyo na vipande zaidi ya 2,000, watakutana na vipande vingi vilivyopakwa nikeli ya kung'aa. Gundi ya kuyeyusha haishiki juu ya nikeli. Kwangua mahali pa kubandikia hadi uione plastiki. Na kila kipande chenye nikeli kijaribiwe mahali pake kabla ya rangi, kwa sababu nacho kina unene.

Vioo vya madirisha visibandikwe kwa supagluu. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe ambao haufutiki kirahisi. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, ikikauka haionekani.

Limebaki suala la ubao wa kuwekea. Nimeona modeli zilizonyooka zikaharibiwa na ubao, hasa mninga ambao haujakauka vizuri. Ukishafika kwenye hewa yetu kavu unajikunja, na kama chasi imekazwa kona nne, inajikunja nao, na milango inafuata. Tumia plaiwudi nene au MDF, ile bodi ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa, na kaza chasi kwa nukta tatu, mbili nyuma na moja mbele katikati. Nukta tatu haziwezi kuipinda chasi hata ubao ukicheza. Kwa modeli inayosafiri kwa basi kwenda Singida au Morogoro, weka pia vipande vya sifongo kati ya mlango na fremu ili isigongane njiani. Mwenye gari aviondoe akifika.