Mpira nyumbani bila kifurushi cha mwezi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Chukua hii, mjomba, ni antena ya dijitali, ukishaifunga unaangalia mechi zote bure." Maneno hayo niliambiwa na kijana mmoja muuza vifaa vya umeme pale Kariakoo, na aliyasema kwa uhakika ambao ungemfanya mtu yeyote atoe pochi. Sentensi yake ilikuwa na makosa mawili, moja la ufundi na la pili la mikataba, na yote mawili yamewatoa watu wengi fedha zao bila faida. Hakuna antena ya dijitali, wala hakuna kifaa kinachompa mtu "mechi zote". Hata hivyo kijana hakuwa mwongo kabisa, kwa sababu mpira wa bure nyumbani upo na ni halali. Ila hauko pale watu wanapouelekezea vidole.

Tuanze na antena. Antena ni vijiti vya chuma vilivyokatwa kwa urefu unaolingana na mawimbi yanayotafutwa, na vijiti hivyo havijui kama ndani ya wimbi kuna picha ya analojia au ya dijitali. Televisheni ya dijitali inayorushwa kutoka minara ya ardhini hutumia masafa ya UHF, kwa kawaida kati ya megahezi 470 na 694, na ndiyo maana vijiti vya antena yake huwa vifupi, takriban sentimita 20 hadi 30. Kwa hiyo mwenye antena ya zamani ya UHF juu ya bati hana sababu ya kuitupa kwa kuwa tu zama zimebadilika, ilhali mwenye ile yenye vijiti virefu vya zaidi ya nusu mita, iliyokuwa ya masafa ya VHF, atahitaji nyingine. Neno "dijitali" lililoandikwa kwenye boksi linaongeza bei tu.

Kinachohitaji kuwa cha dijitali ni kipokezi, na hapo ndipo wanunuzi wa runinga hujikwaa. Mfumo wa kurusha televisheni ya dijitali ya ardhini unaotumika Tanzania na Kenya ni DVB-T2, uliotokana na ule wa kwanza wa DVB-T, lakini runinga yenye kipokezi cha mfumo wa kwanza haiwezi kusoma mawimbi ya mfumo wa pili. Mtu anaweza kununua runinga ya mtumba iliyotoka ng'ambo, pana kama mlango, akaambiwa kwamba "ina dijitali ndani", na akatafuta chaneli usiku kucha bila kupata hata moja. Kabla ya kulipa, aangalie kwenye kibandiko cha nyuma au kwenye kitabu cha maelezo kama imeandikwa T2. Ikiwa haikuandikwa, king'amuzi kidogo cha ardhini kitaziba pengo hilo.

Dhana nyingine ya aina hiyo ni ile ya busta. Mtu akiona picha inaganda na kugawanyika vipande vipande wakati mshambuliaji yumo ndani ya kumi na nane, anakimbilia kununua busta kwa imani kwamba itaongeza nguvu. Busta huongeza nguvu ya kila kinachoingia, pamoja na makelele. Ikifungwa sebuleni, nyuma ya runinga, baada ya mita 20 za waya mbovu, itakuza makelele ambayo waya umeshayaokota njiani. Mahali pake, kama inahitajika, ni karibu na antena. Zama za analojia mawimbi yakipungua tuliona chengachenga na tuliendelea kutazama, lakini dijitali haina huruma hiyo, kwani picha huwa safi hadi kikomo fulani kisha hupotea yote. Kwenye menyu ya king'amuzi kuna mistari miwili, mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora, na huo wa ubora ndio wa kufuatwa unapoigeuza antena. Sisi kwetu tulitumia nusu saa ya namna ile ile inayojulikana na kila nyumba, mmoja juu ya bati, mwingine mlangoni, wa tatu mbele ya runinga, na sauti ikipokezana: "Vipi hapo?" "Bado!" "Na hapo?" "Ilikuja, rudisha kidogo!" Dawa ilipatikana tulipotazama antena za majirani, tukaona kwamba vijiti vyao vilikuwa vimesimama wima na vya kwetu vimelala.

Sasa tuje kwenye imani kwamba kifurushi kikiisha king'amuzi kinakuwa pambo. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ilizima ya kwake mapema mwaka 2015, katika mvutano ulioziacha chaneli kubwa za binafsi nje ya hewa kwa takriban wiki tatu. Katika kuhama huko wananchi wengi walipokea king'amuzi na bili ya mwezi kwa siku moja, wakaamini kwamba vitu hivyo viwili havitenganishwi. Kumbe mpangilio ulikuwa tofauti: kampuni zinazorusha kwa mitambo ya ardhini zilipewa sharti la kubeba chaneli za bure za ndani, na chaneli hizo zilipaswa kuonekana hata kwa mteja asiyelipa. Agosti 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizitaka kampuni zenye leseni ya kulipia kwa setilaiti, zikiwamo Azam, MultiChoice na Zuku, ziache kuonyesha chaneli hizo kwa hoja kwamba leseni zao hazikuruhusu, huku StarTimes, Ting na Continental zikiendelea kuzibeba. Hali hiyo ilibadilika baadaye, lakini tofauti ya msingi kati ya king'amuzi cha antena na cha dishi inafaa kukumbukwa na anayetaka kununua kimoja tu. Kenya nako kuna ving'amuzi vya bure visivyo na kadi wala bili, vinavyopokea mawimbi ya Signet, ambayo ni ya shirika la KBC, na ya mtandao wa ADN ulioanzishwa na vyombo vya habari vya binafsi.

Kupata chaneli, hata hivyo, si kupata mechi, na hapa ndipo kosa la pili la yule kijana lilipo. Mechi huonekana mahali mkataba unaposema ionekane. Mwaka 2021 TFF, shirikisho la mpira wa miguu la Tanzania, na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, fedha hizo zinalipwa na watazamaji kupitia vifurushi, na antena haiwezi kuuzunguka mkataba huo hata ipandishwe juu ya mnazi. Kwa upande mwingine, waandaaji wa mashindano makubwa ya kimataifa mara nyingi huuza haki za televisheni ya bure kando na za kulipia, na ndiyo sababu KBC iliweza kurusha mechi za Kombe la Dunia la mwaka 2022. Anayesema mechi za bure hakuna amekosea, na anayesema zote zipo amekosea zaidi. Swali la maana ni moja: kwa shindano hili, msimu huu, haki za bure za nchi yangu ziko kwa nani?

Wapo wanaojibu kwamba mechi za timu ya taifa ni mali ya wananchi na kwamba kwa sheria haziwezi kufungiwa kwenye malipo. Sheria za namna hiyo zipo, lakini kila nchi ina yake. Uingereza ina orodha ya matukio yanayolindwa chini ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1996, na fainali ya Kombe la FA imo, ilhali mechi za Ligi Kuu ya England hazimo hata moja. India ina sheria ya mwaka 2007 inayomlazimisha mwenye haki za michezo yenye umuhimu wa kitaifa agawane mawimbi na shirika la umma, Prasar Bharati, na Afrika Kusini ina kanuni zake za mwaka 2010. Mtu akisoma habari za nchi hizo mtandaoni kisha akamgombeza mtoa huduma wa mtaani kwake, anadai haki kwa sheria isiyomhusu.

Dishi lina hadithi zake. Fundi humwambia mteja kwamba dishi kubwa likielekezwa kwenye setilaiti fulani litaleta chaneli za nchi za mbali zinazorusha mpira wazi, na mara nyingine ni kweli, hadi dakika ya mpira kuanza. Setilaiti haijui mipaka ya nchi. Mawimbi yake hufunika nusu ya bara, lakini chaneli iliyonunua haki kwa ajili ya nchi moja haina ruhusa ya kuonekana katika nchi ya pili. Kwa hiyo hufunga mawimbi kwa muda wa mechi, au huweka filamu ya zamani, na baada ya kipenga cha mwisho hufungua tena. Mteja humlaumu fundi kwamba kazi yake mbovu, ilhali dishi limekaa sawasawa kabisa.

Fundi naye, kwa kuokoa jina lake, hutoa suluhisho: ataingiza namba za kufungulia chaneli zilizofungwa, au ataiunganisha risiva na kompyuta ya mtu fulani ambako kadi moja iliyolipiwa inahudumia nyumba nyingi. Malipo yake ni madogo, na ndiyo maana watu hudhani kwamba ni aina nyingine tu ya kifurushi. Si kifurushi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na "hakishiriki" humlinda pamoja na wengine mrushaji wa matangazo. Tena biashara hiyo haina risiti wala ofisi, na namba zikibadilishwa katikati ya kipindi cha pili hakuna wa kupigiwa simu.

Kuhusu intaneti kuna dhana mbili zinazopingana, na zote si sahihi. Ya kwanza ni kwamba kila mpira wa mtandaoni ni wa wizi. Mwaka 2025 DAZN, huduma ya kuonyesha michezo mtandaoni, ilirusha bure, duniani kote, mechi zote 63 za Kombe la Dunia la Klabu, na mtu alihitaji kujisajili tu. Fainali ya Chelsea na PSG ilianza saa nne usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na aliyekuwa na simu na bando aliiona kihalali. World Athletics na Diamond League nazo hurusha baadhi ya mashindano ya riadha kwenye YouTube kwa nchi ambako haki hazijauzwa. Ya pili ni kwamba mpira wa mtandaoni, ukishakuwa halali, ni wa bure. Mechi yenye dakika zote pamoja na mapumziko huchukua kama dakika 110. Ikitazamwa kwa kasi ya megabiti 3 kwa sekunde hutafuna takriban GB 2.5, na kwa megabiti 1, picha ikiwa ya kuridhisha kwenye simu lakini yenye ukungu kwenye runinga, hutafuna kama MB 800. Mtu apige hesabu ya mechi nne za wikendi kwa bei ya bando lake, kisha ailinganishe na kifurushi alichokikimbia.

Zile programu zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kama faili la kupakua nje ya duka la simu nazitaja kwa kifupi. Programu ya kutazama mpira haina haja ya kusoma meseji zako. Ikiomba ruhusa hiyo, kumbuka kwamba kwenye meseji hizo ndimo zinamoingia namba za siri za muda za benki na za pesa za simu.

Limebaki neno "mubashara", ambalo wengi huamini kwamba maana yake ni sasa hivi. Picha ya mtandaoni hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na kifaa hukusanya vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha ili picha isikwame. Mkusanyiko huo huichelewesha kwa nusu dakika, wakati mwingine zaidi. Watu huilaumu setilaiti kwa sababu iko mbali, karibu kilomita 36,000 juu, lakini safari ya kwenda na kurudi huchukua takriban robo ya sekunde tu. Sekunde nyingine chache hupotea kwenye kubana na kukunjua picha.

Jambo hili nililijua kwa masikio kabla ya kulisoma. Nilikuwa natazama kwenye simu, kipa bado anapanga ukuta wa faulo, nikasikia mzee wa ghorofa ya juu akipiga kelele ya goli na kiti kikiburuzwa sakafuni. Nilidhani ana dishi la kifahari. Siku nyingine nilipopanda kumsalimia na kumuuliza, nikakuta antena ya kawaida dirishani, runinga imezimwa sauti, na redio ndogo ya FM ikitangaza mechi ile ile juu ya kabati. "Mimi nasikia kwanza, mwanangu," akanijibu, "halafu ndiyo nageuka kutazama."