Wafiwa wanadai kitanzi, jaji anauliza taa

Ndugu wa marehemu wakifika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria, swali huwa moja: hawa watanyongwa lini? Majambazi wamevunja mlango saa nane usiku, huko Mbagala, Dar es Salaam, tuseme, wamebeba simu mbili na pesa za kikoba, na baba mwenye nyumba amekufa kwa panga. Wana haki ya kuuliza.

Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia adhabu yake ni moja tu, kunyongwa hadi kufa. Jaji hana nafasi ya kuchagua; wasiohukumiwa kunyongwa ni mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa. Na ule utetezi wa "nilikwenda kuiba, sikukusudia kuua" hauendi mbali, maana sheria huhesabu kuwa aliyeua huku akikusudia kosa kubwa kama unyang'anyi alikuwa na dhamira ovu. Hata aliyebaki getini akichunga njia anaweza kuunganishwa na mwenye panga.

Lakini tangu 1994 hakuna aliyenyongwa nchini. Mwaka huohuo Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiwa Dodoma, alisema adhabu hiyo inakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi wake 1995. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ikasema kumnyima jaji hiari ya kuchagua adhabu kunakiuka haki ya kuishi. Mjadala huo waachieni mawakili. Kesi nyingi za namna hii hufia mbali sana na kitanzi.

Hufia kwenye taa. Shahidi anasema, "Niliwaona kwa tochi." Wakili wa utetezi anasimama: tochi alishika nani? Aliishika jambazi, akimmulika shahidi usoni. Sasa hapo nani alimwona nani? Tangu 1980 Mahakama ya Rufani imeweka wazi kwamba utambuzi wa usiku ni ushahidi dhaifu mpaka maswali yajibiwe: ulimwona kwa muda gani, umbali gani, kwa mwanga upi, ulikuwa unamfahamu kabla? "Taa ilikuwa inawaka" haitoshi. Balbu ya sebuleni au ya barazani? Ilikuwa kali au hafifu?

Na jina litajwe mapema. Ukimtaja kijana wa mtaa wa pili baada ya matanga, wakati askari walikuja usiku uleule na hukusema kitu, jaji atataka kujua ulinyamaza kwa nini. Hofu tunaielewa. Basi mnong'oneze askari, lakini usiku huohuo.

Kuna jambo huwa gumu kulisema msibani. Watu wanaanza kufika, kina mama wanachota maji na kudeki damu ili wageni wapate pa kukaa. Ni utu, na ni ushahidi unaokwenda na maji. Fungeni chumba, tandikeni mikeka nje.

Tafuteni pia boksi la simu iliyoibwa. Pembeni lina namba ya IMEI, yaani namba ya kuitambua simu hiyo peke yake, na simu hiyo ikikamatwa siku chache baadaye mkononi mwa mtu asiye na maelezo ya maana, boksi hilo linaweza kubeba kesi kuliko mashahidi watatu wa gizani.

Wakimkamata mwizi vijana wa mtaa, wasimuue. Kujihami kunaruhusiwa wakati unashambuliwa, kwa nguvu inayolingana na hatari. Akishalala chini amefungwa kamba, anayeleta tairi na petroli anaingia kwenye kosa lilelile la mauaji, adhabu ileile, na dhamana hakuna. Isitoshe, aliyekufa hawezi kuwataja wenzake.

Askari akichukua maelezo yako, hesabu hatua kutoka ulipojificha hadi aliposimama jambazi, sema taa ilikuwa wapi, taja kovu, sauti, kiatu. Kama hukuuona uso, sema hukuuona. Kisha uombe usomewe yote, polepole, kabla hujaweka sahihi au dole gumba.