Mkutano mkuu wa mtaa au kijiji ni nini, na kero yako inaenda wapi ukishaisema

Tangazo wote tunalijua, bodaboda ina spika nyuma inapita Jumamosi jioni, "wananchi wote mnatangaziwa kesho saa tatu asubuhi mkutano wa hadhara ofisi ya serikali ya mtaa, kufika ni muhimu", halafu kesho yake wanafika watu wachache, wengi wazee na akina mama, vijana hawapo kabisa, na jioni grupu la wasap linajaa malalamiko ya mtaro, taka, taa, maji. Hii naiandika kwa ajili ya hao wa grupu la wasap. Kile kikao kina nguvu kuliko tunavyodhani, ila ukiwa hujui kinavyofanya kazi utaenda, utaongea vizuri, utapigiwa makofi na hakuna kitakachobadilika.

Tuanze na maana yenyewe. Hapa Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji ni mkusanyiko wa wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Haijalishi umezaliwa hapo au umehamia, una nyumba au umepanga, una kadi ya chama au huna, kigezo ni ukazi na umri basi. Mjini ndio unaitwa mkutano mkuu wa mtaa na wenyewe ni wa wakazi wa mtaa. Kuna watu wanaogopa kwenda eti "mimi mpangaji tu hayo ya wenye nyumba", hapana, mpangaji ana haki ya kuongea na kupiga kura pale sawa na mwenye nyumba wake.

Sheria zake ni za mwaka 1982, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 inayogusa vijiji, na ile ya Mamlaka za Miji Na. 8 inayogusa mitaa. Na kabla ya hapo kulikuwa na historia ndefu kidogo, serikali za mitaa ziliwahi kufutwa nchi hii mwaka 1972, za mijini zikarudi 1978 ndipo zikaja hizo sheria za 1982 tunazotumia mpaka leo zikiwa na marekebisho mengi. Katiba nayo ibara ya 146 inasema lengo la serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kupeleka madaraka maana yake uamuzi mwingine unafanyika huku chini na wenyewe wakazi, tofauti na kusikilizwa tu halafu wakubwa waamue.

Kwa kijiji hili liko wazi sana, mkutano mkuu ndio chombo cha juu kabisa cha kijiji. Halmashauri ya kijiji, ile yenye wajumbe kuanzia 15 hadi 25 pamoja na mwenyekiti, iko chini ya mkutano mkuu na inatakiwa kuuletea taarifa. Mfano mzuri ni ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu kuridhia kwanza, na hata serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 iende kwenye matumizi mengine, wenye kukubali au kukataa ni mkutano mkuu, ikizidi hapo ndio inakwenda kwa waziri. Kwa hiyo ukisikia mwenyekiti na wajumbe wake wamekaa ofisini wamempa mwekezaji shamba na wananchi wameambiwa baadaye, hapo kuna jambo zito halikufuatwa, na hao wananchi wana pa kusimamia kisheria.

Kwenye kijiji huu mkutano unatakiwa ufanyike walau mara moja kila miezi mitatu. Na kitu ambacho lazima kiwepo ni taarifa ya mapato na matumizi, yaani hela gani ziliingia, zimetumika wapi, zimebaki ngapi. Michango ya madawati, ya ulinzi, ya zahanati, yote inasomwa hapo mbele za watu na inatakiwa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Mtu akikwambia "hesabu ziko kwa mtendaji, zitasomwa kikao kijacho" mara ya pili mfululizo, hapo simama uulize.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo naona ndio inatuumiza wengi, utaratibu wa kikao. Ajenda nyingi huwa zinakwenda hivi: kufungua, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita na kuuthibitisha, yatokanayo (yaani yaliyoazimiwa kikao kilichopita yamefikia wapi), taarifa ya mapato na matumizi, ajenda za siku hiyo, mengineyo, kufunga. Wananchi tunakaa kimya mwanzo wote tunasubiri mengineyo ndio tuseme kero zetu, na mengineyo yanafika saa sita na nusu jua kali, mwenyekiti anasema "jamani muda umekwenda, tuchukue watu watatu tu". Anasimama mama mmoja, "mheshimiwa mwenyekiti, mimi naomba kuuliza ule mtaro wa pale kwa fundi seremala, mvua ikinyesha maji yanaingia ndani watoto hawalali, tumeshasema sana". Mwenyekiti anajibu "sawa mama, tumelipokea, litafanyiwa kazi". Makofi. Kikao kimefungwa.

Ukienda kusoma muhtasari wa kile kikao unakuta mstari mmoja, "wananchi walitoa kero mbalimbali za miundombinu". Mtaro haupo, fundi seremala hayupo, hakuna tarehe wala jina la mtu aliyepewa kazi. Kwa maana ya kiofisi yule mama hakusema kitu, na siyo lazima kwamba kuna mtu kamfanyia ubaya, mtendaji anaandika haraka, kero ziko nyingi, na kero iliyotolewa kama malalamiko inaandikwa kama malalamiko.

Kinachosafiri kutoka mtaani kwenda juu ni muhtasari. Diwani hakuwepo, mkurugenzi hakuwepo, mhandisi hakuwepo, wao wanaona karatasi tu. Kwa hiyo kama kero yako haimo kwenye karatasi kwa maneno yanayoeleweka, basi haikuondoka pale chini ya mwembe. Fanya kero yako iwe azimio. Badala ya kuishia kwenye "tunateseka na mtaro", malizia na "naomba mkutano huu uazimie kwamba mtendaji aandike barua kwa meneja wa TARURA wa wilaya kuomba mtaro wa urefu fulani kutoka mahali fulani mpaka mahali fulani, na majibu yaletwe kikao kijacho". Mwenzako anaunga mkono, mwenyekiti anawahoji watu, wanaafiki, halafu unaomba katibu, ambaye ni mtendaji, asome alichoandika (TARURA ni wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini). Hiyo ya kuomba kisomwe usione aibu, sema kwa heshima tu, "mheshimiwa mwenyekiti naomba katibu atusomee hilo azimio ili twende pamoja". Likishaingia kama azimio, kikao kinachofuata linarudi lenyewe kwenye yatokanayo, na hapo siyo wewe unayelalamika tena, ni mtendaji anayeulizwa amefikia wapi. Ndio maana yatokanayo nayaona ni ya thamani kubwa kuliko mengineyo, na ndio maana ni vizuri kuwahi kufika, kwa sababu yanapita asubuhi watu wakiwa bado hawajajaa. Kero nzito usiisubirishe mengineyo, mpelekee mtendaji kwa maandishi siku kadhaa kabla ili iwe ajenda yenyewe.

Ukiongelea nani ni nani pale mbele, mwenyekiti ni wa kuchaguliwa na wakazi, uchaguzi wa mwisho ulikuwa Novemba 27, 2024 na unafanyika kila baada ya miaka mitano. Mtendaji wa mtaa au kijiji ni mwajiriwa, ndiye katibu wa mkutano, na bosi wake yuko halmashauri ya wilaya au ya mji, kwa mkurugenzi. Tofauti hii ina maana kwenye kufuatilia, mwenyekiti unambana kwa kura na kwa mkutano, mtendaji unambana kwa barua ambayo nakala inaenda kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi.

Kutoka mtaani hoja inapanda kwenye kata, kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, wengi tunaiita WDC. Mwenyekiti wake ni diwani, wenyeviti wa mitaa au vijiji vyote vya kata ni wajumbe, katibu ni mtendaji wa kata. Hapo mitaa inagombania kitu kimoja, mradi wa nani uwe wa kwanza, na mwenyekiti aliyekuja na muhtasari wenye azimio lililoandikwa vizuri anamshinda aliyekuja na maneno ya mdomo. Kutoka kata ndio halmashauri, kamati zake, mwishoni baraza la madiwani ambalo linakaa kila robo mwaka. Baraza la madiwani ni kikao cha wazi, mwananchi wa kawaida anaweza kwenda kukaa akasikiliza, ila haongei, anayeongea ni diwani wake. Kwa hiyo ukienda pale unakwenda kumwona diwani wako kama kweli kasimama kuisema ile hoja mliyompa, na hilo ni jambo kubwa, madiwani wanaongea tofauti wakijua watu wao wako nyuma wamekaa kwenye mabenchi.

Kwa wale wa miji inayokua, kama Kibaigwa, Mirerani au Himo, mnakutana na jina jingine, mamlaka ya mji mdogo. Huko vipo vitongoji badala ya mitaa, na wenyeviti wa vitongoji ndio wanaokaa kama wajumbe wa mamlaka, wanamchagua mmoja wao awe mwenyekiti. Bado iko chini ya halmashauri ya wilaya, kwa hiyo kero ya mji mdogo unaianzisha kitongojini kwako.

Kingine kinachopoteza muda wa watu ni kupeleka kero kwa asiyehusika. Barabara za mtaani na vijijini tangu 2017 ziko kwa TARURA, siyo tena idara ya ujenzi ya halmashauri, na barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Maji ya vijijini tangu 2019 yako kwa RUWASA, mijini kuna mamlaka za maji zenyewe, umeme ni TANESCO. Hawa wote diwani hawaamrishi moja kwa moja, anawabana barazani na kwenye WDC wakiitwa. Kilichobaki kwa halmashauri ni kama taka, masoko, zahanati na vituo vya afya, majengo ya shule za serikali, leseni za biashara na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Na kuna kero ambazo mtaa unazimaliza wenyewe bila kwenda popote, ulinzi shirikishi, siku ya usafi, ugomvi wa njia kati ya majirani, mahali pa kukusanyia taka kabla gari halijaja. Kabla hujasimama jiulize tu hii ni ya nani, ukiitaja taasisi sahihi kwenye azimio lako umeokoa miezi.

Halafu kuna msimu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti ya halmashauri inaanza kupikwa mwishoni mwa mwaka unaotangulia, ndio maana vikao vya baraza vya bajeti unavisikia mapema mwaka unapoanza. Mradi wa hela nyingi, kituo cha afya au madarasa, ukiupeleka mwezi wa tano umechelewa, utaambiwa "tutauingiza mwaka ujao" na safari hii wanakuwa wanasema kweli. Upeleke mkutano wa mwezi wa tisa au wa kumi, ufike WDC kabla halmashauri haijafunga makisio.

Swali ninaloulizwa sana ni, je kama mkutano hauitishwi kabisa? Inatokea, kuna mitaa watu wanasikia mkutano wakati wa uchaguzi tu. Kusanyeni majina na sahihi za wakazi, andikeni barua fupi kwa mwenyekiti kupitia mtendaji kuomba mkutano uitishwe, mtaje ajenda mnazotaka pamoja na mapato na matumizi, nakala iende kwa mtendaji wa kata, diwani na mkurugenzi wa halmashauri. Mpeleke kwa mkono na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, bila ule muhuri mtaambiwa barua haijawahi kufika. Kimya kikiendelea, mnakwenda na ile nakala yenye muhuri ofisi ya mkurugenzi, na baadaye kwa mkuu wa wilaya, na kila mnapofika mnaanza na tarehe, barua ilipokelewa siku fulani mpaka leo hatujajibiwa. Msipeleke watu hamsini wa kupiga kelele, pelekeni wawili au watatu wanaojua kusoma ile barua na kuieleza, mmoja wao awe mama maana kero za maji na zahanati wao ndio wanazijua kwa undani.

Na mkutano ukiitishwa, nendeni na daftari lenu wenyewe. Mtu mmoja aandike tarehe, ajenda, maazimio na nani kapewa kazi gani, ili siku muhtasari ukisomwa kikao kijacho kabla ya kuthibitishwa mlinganishe, kama kuna azimio limeachwa mseme palepale lirekebishwe.