Je, wajua? Kuli wa reli na mwenye duka hawakuja kwa safari moja

Nilikua nikiamini, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuuliza, kwamba kila Mhindi mwenye duka Nairobi ni mjukuu wa kuli aliyejenga reli. Mwingereza alileta vibarua kutoka India, wakatandaza reli, wengine wakaliwa na simba wa Tsavo, waliobaki wakafungua maduka. Basi. Siku moja nikaisema hadithi hiyo mbele ya mzee mmoja wa Mtaa wa Biashara aliyekuwa akinipimia kitambaa. Hakukasirika. Alimaliza kupima kwenye ile rula yake ya mbao, akakata, ndipo akaniambia: "Babu yangu alikuja na jahazi kutoka Porbandar, kule India, nauli alijilipia. Hiyo reli aliipanda kama abiria."

Nilikwenda kutazama hesabu, nikaona aibu. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899, ikagonga ziwa Desemba 1901 pale Kisumu, wakati huo Port Florence. Vibarua wa mkataba waliotoka India walikuwa 31,983. Kati yao 16,312 walirudishwa makwao mikataba ilipokwisha, 6,454 walirudishwa kwa ugonjwa au kuumia, 2,493 walikufa, na 6,724 wakabaki. Jumlisha uone: hapotei hata mmoja. Karani aliyeziandika alikuwa hodari. (Na simba, kwa umaarufu wao wote, waliua sehemu ndogo tu ya hao 2,493. Maradhi ndiyo yaliyomaliza watu.)

Yaani kwa kila watano waliokuja, aliyebaki ni mmoja tu. Na hata huyo mmoja si lazima awe alikimbilia duka. Wengi waliendelea na kazi ya reli yenyewe, kama mafundi, madereva wa garimoshi, makarani. Wengine walilima Kibos, karibu na Kisumu. Wapo waliofungua vibanda, sikatai, na hesabu ile inaishia pale mkataba ulipoishia. Haituambii mtu alifanya nini miaka kumi baadaye. Lakini kuna ushahidi mwingine usiohitaji makaratasi: lugha. Vibarua wengi walikuwa Wapunjabi, ambao lugha yao ni Kipunjabi. Simama karibu na kaunta za maduka ya zamani ya Mtaa wa Biashara na usikilize wenyewe wakisemezana, utakachosikia zaidi ni Kigujarati na Kikachi, lugha za pwani ya magharibi ya India, ambako majahazi yalikuwa yakija Zanzibar, Lamu na Mombasa kwa kaskazi na kurudi kwa kusi tangu zamani, kabla Mwingereza hajafikiria reli.

Sasa, mtu wa jahazi alifikaje Nairobi, mahali palipokuwa kinamasi na mahema? Hapo ndipo uhondo ulipo.

Fikiria mgomba. Huoteshi mgomba kwa mbegu. Shina la mama linatoa machipukizi ubavuni, na kila chipukizi linanyonya kwa mama mpaka liote mizizi yake. Duka la Kihindi lilizaliana hivyo hivyo. Mfanyabiashara mkubwa wa pwani alimkopesha kijana wa ukoo au wa jamaa yake bidhaa: amerikani (kitambaa cha pamba), shanga, chumvi, mchele, bila kudai fedha mkononi. Kijana akapanda navyo bara, akauza, akarudisha deni kidogo kidogo, akalala juu ya magunia kuokoa kodi. Deni lilipopungua alimwita mdogo wake kutoka Gujarat, naye akaanza kama msaidizi, kisha akapewa mzigo wake asogee stesheni ya mbele. Hakuna benki iliyohusika. Dhamana ilikuwa jina la ukoo, na kijana aliyekula mtaji alijua habari zingefika kijijini kwao kabla yake.

Shina kubwa kuliko yote lilikuwa Allidina Visram, aliyefika Bagamoyo akiwa kijana mdogo, miaka mingi kabla ya reli. Reli ilipokuwa ikisogea, naye alisogeza maduka kambi kwa kambi. Alikufa mwaka 1916 na biashara yake haikudumu sana baada yake. Ila waliokuwa mawakala wake walishaota mizizi. Mama mgomba hukatwa, watoto wakabaki.

Nairobi yenyewe ina ukoo wa Jeevanjee. Alibhai Mulla Jeevanjee, Mbohora (Mwislamu wa madhehebu ya Bohora) wa Karachi, alifungua biashara Mombasa mwaka 1890. Alipata kandarasi ya kuleta vibarua wa reli na kuwalisha, kwa hiyo kumhesabu miongoni mwa makuli ni sawa na kumhesabu mwenye matatu miongoni mwa makondakta. Soko la Wahindi lilichomwa moto mwaka 1902 kwa sababu ya tauni, naye akajenga soko la mji mwaka 1904. Alianzisha gazeti, ambalo leo ndilo The Standard, na mwaka 1906 akawapa wananchi bustani, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Mwaka 1909 aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, asiye Mzungu wa kwanza humo, akatumia nafasi hiyo kulalamikia Wahindi kunyimwa ardhi ya nyanda za juu.

Alikufa mwaka 1936. Mwaka 1991 ulipotokea mpango wa kugeuza bustani kuwa maegesho ya magari, aliyesimama mbele kuupinga alikuwa mjukuu wake, Zarina Patel, na mpango ukafa. Sanamu ya Malkia iliangushwa mwaka 2015. Saa saba mchana Jeevanjee Gardens utakuta wahubiri watatu wakishindana kwa sauti, na nusu ya wasikilizaji wamelala kwenye nyasi wakisubiri saa nane warudi kazini.